Mashini inaomba programu mpya ya diski: tukubali ao tukatae?



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya kuhifadhi unga wa muhogo wakati wa mvua. Mtusamehe, unga utangoja. Siku ya pili asubuhi mashini ya biro yetu ilitoa ujumbe ambao ulitutia wasiwasi siku tano nzima, na tunajua kwamba wengi wenu mna mashini nyumbani, ya bwana ao ya watoto wanaosoma, na siku moja ujumbe kama huo utawafikia.

Ulikuwa mfupi. Kuna programu mpya ya diski, ni ya lazima, bonyeza hapa. Chini yake, kwa herufi ndogo sana, ilikuwa imeandikwa kwamba kabla ya kuanza mtu anakili kazi zake zote, kwa sababu zinaweza kupotea. Mama Sekretere alikuwa na kidole tayari. Mama anayetunza kasha alikuwa mezani akihesabu franka za dada mmoja, akasikia yale maneno yakisomwa, akapaza sauti: “Mama, acha! Usiguse hicho kitu!”

Tusimcheke. Ndani ya mashini ile mna majina ya wamama 64 wa mutualite yetu. Mna kasha la kijani, la akiba na mikopo, na kasha jekundu, la msaada wa ugonjwa na kilio. Mna nani amekopa kiasi gani na amebakiza ngapi. Na yamebaki majuma matano tu tufike siku ya kugawana. Tukafunga mashini, tukaitana.

Mkutano uligawanyika mara moja. Mmoja wetu alisema kitu kinachofanya kazi hakiguswi: mdogo wake alikubali programu mpya kwa simu, na simu haikuwaka tena hata leo. Mwingine akasema aliyetengeneza diski ndiye anayejua ugonjwa wake, akituletea dawa tumkatalie juu ya nini? Tukabishana mpaka chai ikapoa. Kisha binti wa mwenzetu mmoja, anayesoma mambo ya mashini kwa chuo, akatuambia: “Wamama, wote mna haki.” Tukamwomba atuelezee hilo polepole, nasi tunawaelezea kama tulivyolielewa.

Diski za zamani zilikuwa na sahani inayozunguka ndani. Hizi mpya, zinazoitwa SSD, hazina kinachozunguka. Ni vipande vidogo vya kuhifadhia, na pembeni kuna kipande kingine ambacho ni kama mama anayetunza depo. Yeye ndiye anayejua gunia gani liko wapi, anahamisha vitu usiku ili sehemu moja ya depo isichakae kuliko nyingine, na anaandika kila kitu katika daftari lake. Programu ya ndani ya diski ndiyo akili ya mama huyo. Siyo Windows, siyo ile ya kuandikia barua. Akili hiyo ikiwa na kasoro, magunia yote yanaweza kuwa mahali pake na hakuna mtu wa kuyapata. Ndiyo maana diski ya namna hii ikifa, mara nyingi haitoi hata mlio. Jioni inafanya kazi, asubuhi mashini inasema haioni diski yoyote.

Basi programu mpya ni kubadilisha akili ya mtunza depo huku depo imejaa. Mara nyingi inapita vizuri. Umeme ukikatika katikati, ndipo shida inapoanza.

Je, waliokataa walikuwa na haki? Ndiyo. Mwezi wa 10 mwaka 2009 kampuni ya Intel ilitoa programu mpya kwa diski zake za X25-M, kisha ikaiondoa upesi, kwa sababu watu fulani wa Windows 7 walipata matatizo baada ya kuiweka. Aliyekimbia siku ya kwanza ndiye aliyeumia. Aliyengoja kidogo alisikia habari kwa wenzake.

Lakini waliotaka kukubali nao walikuwa na haki, na hapa hadithi ni ya kutisha zaidi. Mwezi wa 11 mwaka 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ya Marekani iliwaonya wateja wake kwamba diski fulani za SSD ilizowauzia kwa ajili ya mashini kubwa za kazi zitakufa zikifikisha saa 32.768 za kuwaka. Ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Siyo kwamba zinaweza kufa: zitakufa, na vilivyo ndani havitapatikana tena. Wanaojua hesabu za mashini waliitambua namba hiyo mara moja. Katika programu nyingi mahali padogo pa kuandikia hesabu hujaa kwenye 32.767, na ukiongeza moja hesabu inavurugika, kama daftari lililokwisha kurasa. Na fikirieni: mtu mwenye diski kumi zilizowashwa siku moja angezipoteza zote karibu wakati mmoja, hata ile aliyoiweka kuwa akiba ya nyingine. Dawa ilikuwa moja, kuweka programu mpya kabla saa ile haijafika. Mwezi wa 3 mwaka 2020 kampuni ileile ikatoa onyo lingine kwa diski nyingine, mara hii kwa saa 40.000.

Tulipiga hesabu kwa ajili yetu wenyewe. Mashini ya nyumbani inayowaka saa nne kwa siku ingechukua zaidi ya miaka 22 kufikisha 32.768. Tukapumua. Binti akatukatiza: diski za Crucial m4, ambazo watu wengi walikuwa nazo katika mashini za kawaida, zilikuwa na kasoro yao kwenye saa 5.184. Kwa saa nne kwa siku, hiyo ni miaka mitatu na nusu. Wale walikuwa na bahati, maana vitu havikupotea: diski ilikwama, ukizima na kuwasha inarudi, kisha baada ya saa moja inakwama tena. Programu ya kuiponya ilitoka mwezi wa 1 mwaka 2012.

Kwa hiyo swali halikuwa tena kama programu mpya ni nzuri ao mbaya. Tulitaka kujua: hii yetu inaponya nini, na sisi tuna ugonjwa huo?

Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inayoonyesha jina kamili la diski, namba ya programu yake ya ndani, afya yake na saa ambazo imewaka. Yetu ilikuwa na saa 4.310 na afya ya 97 kwa mia. Mama anayetunza kasha akasema: “Mnaona? Ni mzima.” Tukafungua maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, siyo ya mtu mwingine. Namba ya programu yetu ilikuwamo katika orodha ya zenye kasoro. Ilisemwa kwamba diski inaweza kufika siku ikakubali kusomwa tu na kukataa kuandikwa, na kwamba programu mpya inazuia ugonjwa huo lakini haiwezi kumwinua aliyekwisha kuanguka. Afya ya 97 haikuwa na maana yoyote mbele ya maneno hayo. Kungoja kulikuwa na bei yake.

Tulikubaliana kuiweka. Lakini kwanza nakala. Mama Sekretere akatuhakikishia nakala iko kwenye flashi, ndani ya kabati, kwenye bahasha. Tukaileta, tukaiingiza. Nakala ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa 3 mwaka jana.

Hakuna aliyesema neno. Tungeweza kumlaumu, na macho ya wengine yalianza kumlaumu, lakini katika miezi hiyo yote nani kati yetu aliwahi kumwuliza? Tulikuwa tunabishana siku tatu juu ya hatari ya dakika chache, na kumbe tulikuwa tunalala juu ya hatari hiyo kila usiku tangu mwaka jana. Mama Sekretere mwenyewe ndiye aliyetuomba tuliandike jambo hili bila kulificha.

Kunakili kulituchukua siku ya nne nzima. Tuliweka nakala moja kwenye flashi mpya na nyingine kwenye diski ya nje ya mwenzetu, ambayo inalala kwake, siyo kwa biro. Kisha tukafungua kila hesabu katika nakala na kuilinganisha na karne za wamama, maana nakala isiyofunguliwa ni bahasha tu. Hapo ndipo tulipokuta kwamba mama mmoja alikwisha kurudisha franka 45.000 mwezi wa 8, imeandikwa kwa karne yake na sahihi ipo, lakini katika mashini alikuwa bado mdeni. Amekwisha kurekebishiwa. Angefika siku ya kugawana akakatwa makuta yake, na nani angemwamini?

Jambo moja binti alitukumbusha ambalo sisi tusingelijua. Mashini nyingi za Windows zinafunga diski kwa ufunguo wa siri bila mwenye mashini kujua, na baada ya kubadilisha programu ya diski zinaweza kuuomba. Ufunguo huo una tarakimu 48. Tuliutafuta mapema, tukauandika kwenye karatasi, tukausoma mara mbili.

Ikabaki habari ya umeme. Mtaa wetu mnaujua, hatuna haja ya kueleza. Betri ya mashini yetu inashika dakika 20 hivi, siku ikiwa na moyo mzuri. Siku ya posho tuliibeba mpaka kwa mwenzetu mwenye betri kubwa za jua, tukaichomeka pale, tukafunga kila kitu kingine kilichokuwa wazi, tukabonyeza. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa meza. Watoto walitolewa nje.

Ilichukua dakika zisizofika nne. Mashini ikazimika, ikawaka, kioo kikawa cheusi, kisha kikaomba ufunguo. Mama anayetunza kasha alikuwa ameshika rundo la karne kifuani kama mtoto. Mmoja wetu akasoma tarakimu, mwingine akaandika, tukakosea mara moja, tukarudia. Ikafunguka. Wamama 64, kasha la kijani, kasha jekundu, yote yalikuwapo.

Mashini yetu ya pili, ile ya mafunzo ya ushonaji, hatukuigusa. Diski yake tuliinunua mjini kwa bei ndogo, ina jina kubwa juu yake, lakini programu ya mwenye jina hilo haiitambui hata kidogo. Inawezekana karatasi ndiyo ya jina hilo na ndani ni kitu kingine. Kuilazimisha programu isiyo yake ni njia ya kuiua. Tumenakili vilivyomo, na itatumika mpaka itakapochoka yenyewe.

Kwa ninyi mlio nyumbani, maneno machache. Ujumbe ukitokea huku unatembea kwenye intaneti, ukisema diski yako inakufa, bonyeza hapa, huo siyo wa mtengenezaji: ufunge. Wa kweli unapatikana kwa programu ya mtengenezaji ao mahali pake rasmi, na ni wa bure. Tumesikia kijana anayeomba dola 10 kwa kazi hiyo akiwa na flashi yake mfukoni. Mkatae, hata kama ni mtoto wa jirani. Na kama maelezo hayasemi programu inaponya nini, ao namba ya diski yako haimo katika orodha, hakuna anayekukimbiza. Ngoja juma moja ao mawili, sikiliza wengine wanasema nini. Lakini picha za ubatizo, za kilio cha baba, kazi ya shule ya mtoto aliye mwaka wa mwisho, hizo usizingojeshe. Zinakili leo jioni.

Tangu siku ya posho, Mama Sekretere ana utaratibu mpya: kila siku ya tano saa tisa ananakili, na mmoja wa kamati anafungua nakala mbele yake na kutia sahihi. Mama anayetunza kasha yeye anaendelea kuandika kila franka kwa karne, kwa bik ya buluu, na hatujathubutu kumwambia aache.

Mwenye flashi na asiyejua kunakili aje biro siku ya nne mchana, umeme ukiwapo. Juma lijalo, unga wa muhogo.