Daftari Lisilofungwa

Msomaji, wako wasemao kwamba aliyekosa na aandikwe mkosaji mpaka kaburini. Wamepotoka. Huko Uingereza, aliyehukumiwa kifungo cha miezi 30 au zaidi kwa kosa la ngono alibaki katika daftari la polisi maisha yake yote, ajapokuwa alikosa akiwa mtoto, wala hapakuwa na njia ya kuomba afutwe. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba huko ni kuvunja haki za binadamu. Tangu 2012, mtu mzima aweza kuomba baada ya miaka 15, na aliyekosa utotoni baada ya 8. Polisi hupima hatari yake, na akikataliwa hukata rufani. Je, walioumizwa wamesahauliwa? Hasha! Aliye hatari hubaki daftarini. Lakini sheria isiyokubali kusikiliza tena si haki, ni kisasi.