Tusisome Tumbo kwa Majina Tu

Nataka kusema machache juu ya somo letu la Elimu ya Viumbe. Maoni yangu ni haya: tukifika kwenye tumbo, twafundishwa majina ya viungo na kazi zake, lakini njia za damu zinazovilisha viungo hivyo hupitwa haraka haraka. Kwa hiyo twapata alama nzuri, na jambo lenyewe hatulijui.

Sisemi haya kwa kusikia. Usiku mmoja, kwetu Nyamirambo, mzee mmoja jirani yetu alishikwa na tumbo. Lilivimba likawa gumu kama ngoma, akawa hapati choo wala hatoi upepo. Watu wakasema amekula kitu kibaya. Wakampa dawa ya kuharisha, wakasema tungoje kuche. Mimi nilikuwapo. Juma lile lile nilikuwa nimepata alama zote kwa kuandika majina kwenye picha ya tumbo, lakini mbele ya mzee yule sikuwa na neno la kusema. Asubuhi alipofikishwa hospitali, madaktari walikuta sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ile iliyopinda kama herufi S, imejisokota na kuwa nyeusi. Ikabidi ikatwe. Namshukuru Mungu mzee alipona, ila swali la daktari halijanitoka: "Mbona mmechelewa?"

Jibu la haki lilikuwa kwamba hatukujua kuwa saa zina thamani. Ugonjwa huu wa utumbo kujisokota si mgeni hapa Afrika ya Mashariki, na madaktari wa upasuaji wanaujua sana. Utumbo hauuawi na msokoto wenyewe. Huuawa na kukosa damu. Utumbo umening'inia kwenye utando mwembamba, na mishipa yake yote hupita katika utando huo. Utumbo ukizunguka, utando nao husokotwa. Vena, zenye kuta laini, hubanwa kwanza: damu huingia, kutoka haiwezi, utumbo huvimba. Kisha na ateri hufungwa. Damu ikisimama kabisa, baada ya saa kama sita utumbo huanza kufa usiweze kufufuka. Dawa ya kuharisha yazidi kuusukuma utumbo uliofungwa, wala haifungui kitu. Anayejua hayo hangoji kuche.

Wenzangu watasema, "Mishipa ni mingi, hayo ni ya madaktari." Sikubali. Ya kukumbuka ni matatu tu. Mshipa mkuu, yaani aota, hushuka mbele ya uti wa mgongo, na ndani ya tumbo hutoa matawi matatu kwa mbele. La kwanza, siliaki, hulisha tumbo la chakula, ini, wengu, na sehemu ya juu ya duodeni na ya kongosho. La pili, mesenteri ya juu, hulisha utumbo mwembamba karibu wote, ambao urefu wake ni kama meta 6, pamoja na kidole tumbo na nusu ya kwanza ya utumbo mpana. La tatu, mesenteri ya chini, hulisha utumbo mpana uliobaki mpaka mwanzo wa puru. Msokoto wa mzee wetu ulikuwa katika milki ya tawi hili la tatu.

Tena matawi hayo yafafanua mambo ambayo picha haiyasemi. Kwa nini mwenye ugonjwa wa kidole tumbo huanza kuumwa karibu na kitovu, na baadaye ndipo maumivu hushuka kuume? Kwa sababu kidole tumbo ni cha sehemu ya kati, sehemu ya lile tawi la pili, na neva za sehemu hiyo hupeleka habari zake kana kwamba zatoka kitovuni. Ukuta wa tumbo ukiguswa na uvimbe, hapo ndipo mtu huonyesha mahali penyewe kwa kidole.

Tena iko njia ya kurudi. Damu itokayo katika viungo hivi hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanyika nyuma ya kongosho katika vena moja pana, vena ya lango la ini, ikapita kwanza ndani ya ini. Karibu robo tatu ya damu ya ini huingia kwa lango hilo. Hapo pia pana la kutuhusu. Minyoo ya kichocho cha matumbo, iliyoko kandokando ya Ziwa Victoria na katika baadhi ya mabonde ya mpunga hapa Rwanda, huishi ndani ya vena za utumbo. Mayai yake mengine hutoka na choo. Mengine husombwa na damu hadi katika ini na kuacha makovu. Miaka ikipita, njia huziba, wengu huvimba, na vena za chini ya umio hujaa hata huweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Mwanafunzi aliyekariri tu kwamba kichocho hutokana na maji machafu hawezi kueleza kwa nini ini ndilo huumia. Aijuaye njia ya damu aweza.

Basi tufanyeje? Sidhani kama kuna mji uyajuao matumbo ya mbuzi kuliko Kigali, ambako zingalo huchomwa kila jioni. Naomba walimu wetu wamwagize mwuza nyama matumbo ya mbuzi pamoja na utando wake, asiutenge. Tuutandaze juu ya meza, tuuelekeze kwenye mwanga, tuone mishipa ikigawanyika kama matawi ya mti. Kisha tufunge uzi penye mshipa mmoja na kuuliza: hapa pakizibwa, kipande kipi kitakufa? Ni kweli mbuzi ana tumbo la vyumba vinne na sisi tuna kimoja, lakini mpango wa mishipa yake wafanana na wetu. Wenye kinyaa wakumbuke kwamba jioni watakula zingalo.

Nanyi wanafunzi wa zamani mliokwisha kuwa madaktari na wauguzi, njoni siku moja mtufundishe. Hatutaki hotuba ndefu. Saa moja mezani yatosha.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza kwamba asiyeyajua maradhi huyaficha bila kukusudia. Tumbo likivimba ghafula kwa maumivu makali, choo na upepo vikakatika, usitoe dawa ya kuharisha wala usingoje. Mpeleke mgonjwa hospitali, au piga simu 912 uite gari la wagonjwa. Laiti ningalijua neno hilo usiku ule, ningalilisema mbele ya wakubwa, ingawa mimi ni mdogo.