Jangwa Halihitaji Shanga

Kuna jambo linalosifiwa sana siku hizi ambalo mimi nalipinga, na ninamwomba msomaji anisikilize hadi mwisho kabla ya kuniita mzee asiyependa uzuri. Nalo ni desturi ya kupamba bustani za mimea kwa sanamu za vioo vya rangi. Mfano wake mkubwa uko Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani. Hapo ipo Desert Botanical Garden, bustani iliyofunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya mimea ya nchi kame. Mara tatu, katika maonyesho yaliyoanza 2008, 2013 na 2021, fundi mashuhuri wa vioo, Dale Chihuly, alitawanya kazi zake katikati ya mimea hiyo. Baada ya onyesho la kwanza minara yake mitatu ya kijani, iliyochongoka kama majani ya mkonge, ilibakizwa langoni.

Fundi huyu nampa haki yake. Alizaliwa Tacoma mwaka 1941, na mwaka 1968 alikwenda kujifunza katika kisiwa cha Murano, Venice, kwa mabingwa wa kupuliza kioo. Mwaka 1976 ajali ya gari ilimpofusha jicho moja. Mwaka 1979 aliumia bega, akaacha kupuliza kioo kwa pumzi yake mwenyewe na kuanza kuongoza kikosi cha mafundi. Mtu wa namna hii hafanyi mzaha. Kazi zake niliziona bustanini humo mwaka 2014, nikiwa nimekwenda kumtembelea binti yangu: nyekundu, manjano na buluu, na jua likizipiga huwaka kama makaa. Ni nzuri. Ugomvi wangu unahusu mahali zilipowekwa na kazi zilizotwishwa.

Watetezi husema hivi: vioo huvuta watu, na watu wakishafika wataiona mimea. Yaani kioo ni zana ya kufundishia. Hapo ndipo wananigusa, kwani zana za kufundishia ndizo zilizonipa ugali wangu kwa miaka mingi chuoni. Namkumbuka mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lake lilikuwa kuota kwa mbegu ya mahindi, naye alichora picha kubwa akaizungushia karatasi za rangi zinazong'aa. Darasa zima lilishangilia. Kipindi kilipokwisha niliigeuza picha ukutani, nikauliza mbegu huhitaji nini ili iote. Mtoto mmoja akajibu, "Karatasi nyekundu, mwalimu." Zana ikilizidi somo, somo limekufa. Na kipimo chake ni rahisi: ifunike zana, kisha muulize mwanafunzi.

Basi tuvifunike vioo vile. Niliona watu wengi wakisimama mbele ya kioo wapigwe picha, nyuma yao kukiwa na dungusi mkubwa aitwaye saguaro. Hawakugeuka. Ni nini hicho walichokipa kisogo?

Ni mmea unaoanza maisha chini ya kivuli cha mti mwingine unaoulinda na jua. Ukifikisha miaka minane hauzidi sana urefu wa pingili ya kidole. Mkono wake wa kwanza huchipua ukiwa na umri wa miaka 50 hadi 75, na mahali pakavu zaidi huchelewa kuliko hapo. Waweza kuishi miaka 150 na zaidi. Shina lake lina mikunjo kama ya kodiani: mvua ikinyesha hutanuka na kujaza maji, ukame ukija hujikunja. Vigogota hutoboa viota ndani yake, na wakihama bundi wadogo huingia. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa jangwa hilo, huvuna matunda yake mwanzo wa kiangazi na kutengeneza divai ya ibada ya kuomba mvua. Je, kiumbe wa namna hii anahitaji kipande cha kioo ili atazamwe?

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tunaijua nguvu ya kioo cha Venice. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba mizigo ya shanga zilizotengenezwa huko huko alikojifunza Chihuly. Nyekundu ziliitwa samesame. Wazee wetu hawakuwa wajinga mbele ya shanga hizo: walichagua rangi kwa ukali, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulilala njaa. Lakini shanga zilivaliwa mwilini na kutumika kama fedha. Sijasikia mtu aliyeutundikia mbuyu shanga ili wageni waje kuutazama mbuyu.

Nitaambiwa kwamba kizuri chajiuza, na kama saguaro haujiuzi basi usaidiwe. Methali hiyo ina sharti ambalo halisemwi: awepo mnunuzi mwenye macho. Macho hufunzwa. Nitaambiwa tena kwamba kiingilio huleta fedha za kuitunza mimea. Ni kweli, na fedha sizidharau. Lakini bustani ikiwazoesha watu kuja kwa ajili ya kioo, kioo kikishafungwa masandukuni na kuondoka, wataijia nini?

Nasi hatuna muda wa kuchezea. Kuanzia mwisho wa Juni hadi mwisho wa Julai 2023, joto la Phoenix lilifikia au kupita nyuzi 43 za Selsiasi kwa siku 31 mfululizo. Saguaro hufungua vitundu vyake vya kuvuta hewa usiku, kunapopoa. Mwaka ule hata usiku haukupoa. Saguaro zikadondosha mikono, nyingine zikaanguka, na miongoni mwake zimo za bustani hiyohiyo. Kioo kimepita katika tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000, hakiumwi na joto hilo. Kikivunjika, fundi hupuliza kingine. Mkono wa saguaro ukianguka, nani atapuliza miaka 75? Na aliyekuja akatazama kioo peke yake atajuaje kwamba kuna kilichopungua?

Kwa hiyo nasema vioo vijengewe ukumbi wake, vionekane kwa heshima yake, na bustani iachiwe mimea. Ikiwa lazima pawepo tamasha, watu waalikwe usiku mmoja wa mwezi Mei, ua jeupe la saguaro linapofunguka na popo kulijia, maana kesho yake alasiri ua hilo hufunga na halifunguki tena. Mwalimu mmoja asimame hapo na kurunzi, aseme maneno machache, kisha anyamaze.