Bonasi ya chai si zawadi, ni jasho la mama

Ukitaka kujua uzito wa neno moja tu, fika Kisii au Nyamira mwezi wa Oktoba. Kuanzia Keroka hadi Kebirigo utasikia ahadi ile ile: "Bonasi ikitoka." Deni la dukani, mabati, karo, hata ng'ombe wa mahari, vyote vinangoja bonasi.

Sasa bonasi ni nini? Ofisini, ni pesa unazoongezewa juu ya mshahara kwa sababu mwaka ulikuwa mzuri. Usipopewa, angalau mshahara wako ulishalipwa.

Kwa mkulima wa majanichai mambo ni tofauti. Viwanda vilivyo chini ya KTDA humlipa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo alizopeleka. Hayo ni malipo ya awali tu. Chai huuzwa, nyingi kwenye mnada wa Mombasa, mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, gharama za kiwanda zinatolewa, na salio ndilo linamfikia baadaye. Hayo ni malipo ya pili. Sisi ndio tumeyabatiza bonasi, na mtu akidhani amepewa zawadi, haulizi maswali.

Naongea kwa uchungu. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu bonasi ya mama ilikuja ndogo, karo ikakosekana. Nilimkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliipunguza. Karatasi yake ya malipo nilikuja kuisoma baadaye sana: kilo za mwaka mzima, bei ya kilo, halafu makato ya mbolea na mkopo. Mama mwenyewe hakujua mkopo umebaki ngapi. "Walitupatia kidogo mwaka huo," akasema. Walitupatia! Na ni majani aliyochuma akinyeshewa.

Sisemi kila bonasi ndogo ni wizi. Bei ya mnada hushuka, dola hubadilika, gharama hupanda. Lakini wakurugenzi wa kiwanda huchaguliwa na wakulima wenyewe, kwa hivyo waulizwe: chai yetu iliuzwa bei gani? Gharama zilikuwa ngapi? Mbona kiwanda jirani kimelipa zaidi?

Nawe uliye mjini, Oktoba ikifika usipige simu nyumbani kuuliza tu kama bonasi imetoka. Uliza ni kilo ngapi, bei gani, makato yapi. Kisha mkumbushe mzazi wako kwamba hiyo ni pesa yake, hajasaidiwa na mtu.