Singida Yetu ni Amana



Singida ikitajwa, wengi hukumbuka alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji. Lakini Mwenyezi Mungu ametupa zaidi. Mji wetu uko baina ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, ambako heroe huja kutafuta chakula. Kusini mwa mkoa liko Pori la Akiba la Rungwa lenye tembo na simba, na Itigi kuna vichaka vinene vinavyotupatia asali.

Neema hizi zimeshikana. Nyuki anayeishi kwenye mti ndiye anayechavusha alizeti ya shambani. Kwa hiyo anayekata miti ovyo kwa ajili ya mkaa anapunguza asali, na mafuta ya kupikia pia. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Ikikuta ardhi tupu, huchukua udongo na kuumwaga ziwani.

Hatusemi watu wasipike. Tunasema akataye apande. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha mtu, mnyama au ndege akala katika mti huo, hiyo ni sadaka yake.

Basi tunashauri kila mwanafunzi apande mti mmoja mvua zinapoanza. Kiangazi kikija tusiseme hakuna maji. Yale ya udhu tunayoyaacha yapotee yanatosha kuuweka hai.

Wabillahi Tawfiq.