Mvumo Chini ya Kitanda



Kiangazi kilichopita nilijaaliwa kuwazuru jamaa zangu walioko jimbo la Ohio, Marekani. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa, ana trela la safari, yaani nyumba ndogo ya magurudumu ikokotwayo na pikapu. Ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, friji, choo na taa. Alilinunua likiwa limekwisha kutumika zaidi ya miaka 30, naye alinisifia kwa simu mwaka mzima. Basi siku ya pili baada ya kuwasili kwangu tulifunga safari, yeye, mkewe, watoto wao wawili, dada yangu na mimi, hadi kambi moja kando ya Ziwa Erie. Huko kila trela hupewa uwanja wake, na uwanjani pana kiguzo cha umeme ambapo mwenye trela huchomeka waya wake.

Usiku wa kwanza sikulala. Chini ya kitanda cha dada yangu mlitoka mvumo mzito usiokatika, mfano wa mzinga uliochokozwa. Mimi niliyelala upande wa pili niliusikia katika meno yangu, sembuse yeye aliyekuwa juu yake. Alfajiri nilipoondoka kutawadha nilimkuta ameketi kitandani, kanga kichwani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "waambie wanirudishe nyumbani."

Mpwa wangu alicheka kidogo. "Mjomba, hiyo ni konveta tu. Trela kuukuu ndivyo lilivyo. Usiku wa leo mtazoea."

Mkewe alikuwa jikoni akikaanga mayai. Hakugeuka, ila alisema kwa upole: "Mjomba, mimi nimelisema jambo hili tangu safari ya mwezi wa tano. Mwaka jana konveta ilivuma jioni, kisha ikanyamaza usiku wa manane. Mwaka huu hainyamazi, hata taa zote zikizimwa."

Mumewe akamjibu kwamba kelele ni kelele. Nami, nakiri, niliyapitia maneno ya yule bibi kama mtu apitiaye tangazo ukutani. Laiti ningesimama kuyasoma, tungeokoa siku nzima.

Yafaa nieleze konveta ni kitu gani. Umeme wa kiguzo ni wa volti 120, lakini taa za trela, pampu ya maji na feni ya kipasha joto hutumia volti 12, sawa na betri ya gari. Konveta ni sanduku linaloushusha umeme ule mkubwa, likawasha taa na papo hapo likaijaza betri. Katika matrela ya zamani, ndani ya sanduku hilo mna transfoma nzito ya shaba na vibati vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Umeme wa Marekani hugeuka mwelekeo na kurudi mara 60 kwa sekunde, na katika kila mzunguko sumaku hukivuta kile chuma mara mbili. Hivyo vibati hutikisika mara 120 kwa sekunde, nao huo ndio mvumo. Miaka ya barabara mbovu hulegeza bolti, gundi ya katikati ya vibati huchakaa, na sauti huzidi. Kisha sanduku lenyewe hupigiliwa juu ya plaiwudi nyembamba chini ya kitanda chenye uwazi. Hebu fikiri: ngoma iwambweje tena?

Kwa hiyo mpwa wangu alikuwa na haki kidogo. Konveta ya zamani huvuma, na kuvuma pekee si ugonjwa. Kosa lake lilikuwa katika dawa. Adhuhuri alichukua blanketi zito, akalishindilia kulizunguka sanduku pande zote, akafunga mlango wa uvungu. Sauti ikafifia, naye akatutazama kwa ushindi. Baada ya swala ya Alasiri dada yangu akasema kitanda kina joto kama kiti cha gari lililoachwa juani. Nilifungua uvungu na kutia mkono, nikautoa upesi. Blanketi lilikuwa limeanza kunuka kuungua. Sanduku lile lina matundu kwa sababu. Ndiko joto linakotokea, na sisi tulikuwa tumeliziba kwa pamba, juu ya mbao kavu, chini ya godoro la mama mzee. Aliyoyasema dada yangu kwa mwanawe wakati huo si ya kuandikwa katika jarida la familia.

Makelele yetu yalimleta jirani wa uwanja wa pili, mzee wa Kimarekani mwenye trela kuukuu kuliko letu. Alikuja na mita ya kupimia umeme mfukoni. Swali lake la kwanza lilikuwa: sauti hii ilianza kubadilika lini? Mpwa wangu akainua mabega. Mkewe akayarudia yale yale ya asubuhi, kwamba zamani ilinyamaza usiku na sasa hainyamazi. Mzee alitikisa kichwa kama hakimu aliyepata shahidi, na badala ya kwenda kwenye konveta akaenda nje, mbele ya trela, kwenye betri.

Palinuka yai viza. Upande mmoja wa betri ulikuwa wa moto, upande wa pili vuguvugu. Alitukataza kuwasha hata kiberiti, kwani betri inayochemka hutoa haidrojeni, gesi iwezayo kulipuka kwa cheche moja. Kisha akatuamuru tuuchomoe kwanza waya wa kiguzo, ndipo akavua waya hasi wa betri kwa spana, macho yake yakiwa nyuma ya miwani ya fundi. Tulipochomeka tena umeme, mvumo ulipungua zaidi ya nusu.

Saa chache baadaye akaipima betri iliyopumzika: volti 10.5. Akatufafanulia, nami nikamfasiria dada yangu. Betri ya namna ile ina seli 6, kila moja hutoa volti 2 na kitu, na ikiwa nzima na imejaa husoma kama 12.6. Seli moja ikifa, hubaki 10.5. Konveta haijui kuwa kuna seli iliyokufa. Iionayo ni betri yenye njaa. Basi huilisha usiku na mchana, na lishe hiyo yote hugeuka joto na gesi. Ndiyo maana haikunyamaza usiku wa manane. Mwaka uliopita betri ilikuwa ikishiba, konveta ikapumzika.

Nilidhani mambo yamekwisha. Mpwa wangu akasema, "Basi tuitupe betri hii. Taa zitawaka kwa konveta, na kesho twaondoka." Mzee akakataa katakata. Kwanza, alisema, konveta nyingi za zamani hutegemea betri kuutuliza umeme wake, na pasipo betri umeme ule wenye mawimbi huweza kuharibu kadi ya friji na vyombo kama hivyo. Pili, akatuonyesha kisanduku kidogo mbele ya trela, chenye kamba ya chuma inayofungwa kwenye pikapu. Trela likikatika njiani, kamba hiyo huvuta kipini na breki za trela hukamata zenyewe. Na umeme wa breki hizo hutoka wapi? Katika betri ile ile ya trela.

Mpwa wangu alinyamaza. Tulikuwa tumekuja kwa barabara kuu, malori ubavuni, na nyuma yetu mzigo wa tani kadhaa ambao laiti ungechopoka, sidhani kuna kitu ambacho kingeusimamisha. Aliwatazama wanawe waliokuwa wakicheza majini, kisha akachukua ufunguo wa pikapu, akaenda mjini kununua betri. Mkewe aliandamana naye, na waliporudi niliona wamezungumza.

Usiku ule mvumo ulianza, ukashuka, na kabla ya usiku wa manane ukawa mnong'ono. Asubuhi tulichomoa umeme, tukavua betri, tukakaza bolti za nje za sanduku na kuweka chini yake vipande vya mpira wa tairi ili lisigusane na plaiwudi moja kwa moja. Mnong'ono nao ukapungua. Ndani ya sanduku mzee hakuturuhusu kugusa, maana kapasita zake huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Baadaye mpwa wangu alimwita fundi akamwekea konveta ya kisasa, nyepesi, ambayo hukatakata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, sauti ambayo sikio la binadamu haliipati. Hupunguza pia volti betri inaposhiba, kutoka kama 14.4 hadi 13 na kitu. Si kimya kabisa: ina feni, nayo huvuma mzigo unapokuwa mkubwa. Tofauti ni kwamba feni hupumzika.

Msomaji wa Mombasa au Malindi asiyepata kuona trela asidhani hadithi hii ni ya mbali. Majumba mangapi kwetu yana chaja, inveta na betri za kuvumilia umeme ukatikao? Umeme wetu ni wa mizunguko 50, hivyo transfoma zetu hutikisika mara 100 kwa sekunde, mvumo mzito kidogo kuliko ule wa Ohio, lakini maradhi ni yale yale. Kinachoungurumia ukumbini kwako kisifunikwe kwa kanga wala kusukumiwa nyuma ya kabati. Mwite fundi, na kabla hajafungua kitu mruhusu amuulize yule akaaye nyumbani mchana kutwa, kwani huenda anajua tangu mwezi gani sauti ilibadilika.

Dada yangu alikubali kusafiri tena mwezi wa tisa. Mke wa mpwa wangu alinitumia picha ya karatasi aliyoibandika ndani ya mlango wa uvungu: tarehe, volti ya betri kabla ya safari, volti baada ya safari, na safu ya nne aliyoiandika kwa mkono, "Imenyamaza saa ngapi". Safu hiyo, ameniambia, huijaza mumewe.