Ncha Tupu ya Shafti: Projekti Tunazozidharau

Hoja yangu ni fupi. Kumfungia fundi wa Omurushaka diski ya msasa kwenye mashine yake ya mkanda ni kazi ya uinjinia, na inastahili alama za projekti ya mwaka wa mwisho kuliko nyingi ya zile tunazopiga nazo picha siku ya maonyesho, kisha tukazifungia kabatini. Najua wapo watakaocheka. Wacheke, ila wasome hadi mwisho.

Kwa wasiopajua kwetu, Karagwe iko magharibi ya mkoa wa Kagera, makao makuu yake Kayanga. Kyerwa ilikuwa sehemu yake hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 2012. Watu wanatujua kwa kahawa, ndizi na maharage. Wachache wanatujua kwa mafundi. Lakini kila senta, kuanzia Nyaishozi hadi Nkwenda na Murongo mpakani, ina banda la mabati lenye mtu anayechomelea, anayeranda au anayenoa. Mkulima analeta muhoro wa kupogolea migomba. Mchimbaji wa madini ya bati huko Kyerwa analeta tindo na sururu zilizobutuka. Mwalimu anauliza bei ya madawati. Wote hao wanakuja kwenye banda hilo hilo moja.

Katika PT yangu ya mwaka wa tatu nilikaa kwenye banda la namna hiyo. Fundi mwenyewe, mzee wa makamo, alikuwa na mashine ya mkanda wa msasa aliyoiunda mwenyewe. Mota ya hosipawa moja inazungusha shafti kwa mkanda wa puli. Shafti imelala juu ya beringi mbili. Ncha moja ya shafti ina gurudumu linalouendesha mkanda wa msasa. Ncha ya pili inachungulia nje ya beringi kama sentimita saba hivi, haina kitu. Wiki ya pili akaniuliza, "Injinia, hii ncha ya huku mbona inazunguka bure?"

Swali hilo lina uzito kuliko maswali mengi niliyoulizwa darasani. Mota imeshanunuliwa, umeme unalipiwa, beringi zipo, fremu ipo. Robo tatu ya mashine ya pili imekwisha kulipiwa, na inazunguka kila siku bila kazi.

Diski ingemsaidia nini? Mkanda ni mzuri kwa kuchonga makali ya panga, kulainisha mviringo wa mpini na kufuata kona. Ila ukitaka uso ulionyooka kabisa, au ncha ya mbao iliyokaa digrii 90 kamili, mkanda unakudanganya kidogo kidogo, kwa sababu unabonyea. Diski ni bamba gumu lenye msasa usoni na meza ndogo mbele yake. Ukiweka meza sawa, kila ncha ya mguu wa dawati inatoka sawa na mwenzake. Ukiweka pembe ya digrii 45, fremu ya dirisha inafunga bila kuziba nafasi kwa puti. Kwa fundi anayepimwa kwa dawati lisiloyumba, hiyo ndiyo tofauti ya kuitwa tena au kutoitwa.

Sasa nije kwenye gharama, maana hapo ndipo wengi tunakimbilia kusema "hakuna fungu". Karatasi ya msasa ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ina ukubwa wa karibu milimita 230 kwa 280. Maana yake diski ya kipenyo cha milimita 200 inakatwa kwenye karatasi moja, inabandikwa kwa gundi, basi. Mkanda wa msasa hauna urahisi huo. Lazima uwe na urefu wa mashine yako na uungwe vizuri, na kwa fundi wa kijijini mara nyingi ni kuagiza kutoka mjini na kusubiri basi. Kwa hiyo diski inampa fundi kazi hata siku ambayo mkanda umekatika. Bamba tulilipata kwenye vyuma chakavu, la unene wa milimita 8, ambalo likishakatwa duara la milimita 200 lina uzito wa karibu kilo mbili. Tukalipia kukereza, vyuma vya pembe vya meza, boliti, gundi na msasa. Jumla haikufika bumu la chakula la wiki mbili.

"Sawa, lakini uinjinia uko wapi hapo?" Ndivyo alivyoniuliza msimamizi mmoja nilipopeleka mada hii baadaye chuoni. Aliongeza kuwa hiyo ni kazi ya fundi, siyo ya injinia, na kwamba haina ubunifu wa kutosha. Naheshimu elimu yake. Jibu lake silikubali, na nitaeleza kwa nini.

Chukua kasi. Mota yenye poli nne kwenye umeme wetu wa hezi 50 huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, na puli za pale zililingana, kwa hiyo shafti ilienda kasi hiyo hiyo. Ukingo wa diski ya milimita 200 unakimbia karibu mita 15 kwa sekunde. Ukichukua mota ya poli mbili, inayozunguka karibu mara 2,850, ukingo unafika karibu mita 30. Hapo mbao inaungua kabla haijanyooka, na tindo la mchimbaji linageuka bluu nchani, dalili kwamba ugumu wake umeondoka. Na ukumbuke katikati kabisa ya diski kasi ni sifuri. Kwa hiyo sehemu ya kufanyia kazi ni ile ya nje. Hizo ni hesabu za kidato cha nne, kweli. Lakini ni wangapi kati yetu tunazifanya kabla ya kununua mota?

Chukua mzani. Kilo mbili za chuma zikizunguka mara 24 kila sekunde, upande mmoja ukiwa mzito kidogo, beringi italia mwezi wa kwanza na kufa mwezi wa tatu. Ukichomelea bamba kwenye bushi, joto linalipinda, kwa hiyo uso wake unakerezwa baada ya kuchomelea, siyo kabla. Halafu unavua mkanda wa puli, unaizungusha diski kwa mkono na kuiacha isimame yenyewe. Ikisimama kila mara upande ule ule ukiwa chini, huo ndio mzito. Unatoboa nyuma kidogo, unarudia. Msumari uliofungwa karibu na uso wa diski unakuonyesha kama inayumba. Vifaa vya maabara havikuhitajika. Kilichohitajika ni mtu anayeelewa kwa nini anafanya hivyo.

Chukua usalama, na hapa sitaki utani. Diski upande mmoja inashuka, upande wa pili inapanda. Kazi inawekwa upande unaoshuka, ili diski iikandamize kwenye meza. Ukiiweka upande unaopanda, inanyanyuliwa na kurushwa usoni kwako. Nafasi kati ya meza na diski isizidi milimita mbili, la sivyo kipande chembamba kinavutwa chini na kidole kinakifuata. Upande usiotumika unafunikwa kwa bati. Diski inashikwa kwenye shafti kwa ufunguo pamoja na skrubu, haiachwi kwa skrubu peke yake. Swichi iwe mahali mkono unafika bila kuvuka diski. Glavu na mashati yanayoning'inia yakae mbali, miwani ivaliwe. Na jambo ambalo mabanda mengi hayalijui: vumbi la mbao na cheche za chuma visikutane. Ukimaliza kusaga mbao, fagia kwanza, toa vumbi lote chini ya meza, ndipo uguse chuma. Cheche moja ikizama kwenye rundo la vumbi inaweza kufuka polepole na kuwaka usiku watu wamelala.

Wapo wanaosema, "Kwa hatari hizo, bora tusiwaongezee mafundi mashine za kujitengenezea." Hoja hii ina uzito na siwezi kuipuuza. Ila tazama banda lenyewe. Fundi asiye na diski hakai bure. Anachukua grainda ya mkononi, anatoa kinga ili ifike kona, anashika mbao kwa mguu, anasaga. Kijana anayejifunza kwake anaiga hivyo hivyo. Mashine ya kujitengenezea itakuwepo tupende tusipende. Tunachoweza kuchagua ni kama itafungwa na mtu aliyepiga hesabu au na mtu anayebahatisha. Sisi tuliosomeshwa kwa mkopo wa umma kujua tofauti hiyo tukijitenga, vidole vinavyokatika vinatuhusu.

Wengine wanasema anunue ndogo ya dukani, yenye mkanda na diski pamoja. Anunue akiweza. Mimi naona kwa kazi ya kutengeneza madawati kutwa nzima, mashine ndogo ya mezani itachoka mapema, na mkanda wake wenye kipimo chake pekee utamsumbua kuupata Nkwenda. Ile ya kwake anaijua kila boliti. Ikiharibika Jumamosi, Jumapili jioni inazunguka.

Kuhusu ubunifu, nawakumbusha wenzangu wa Kagera historia yetu wenyewe. Mwaka 1861 Speke alipofika Karagwe alimkuta mfalme Rumanika, na hazina ya Bweranyange, makao ya ufalme huo, ilikuwa na ng'ombe wa chuma waliofuliwa kwa mkono. Upande wa Bukoba, pale Katuruka, kuna mabaki ya uyeyushaji chuma ya miaka ipatayo elfu mbili. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri la zamani mbele ya mtafiti Peter Schmidt, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakaandika kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri ilipasha hewa joto kabla haijafika kwenye moto. Tazameni wazo hilo. Tanuri lilikuwepo na viriba vya kuvutia hewa vilikuwepo. Mtu akasogeza mirija ndani, joto likapanda. Leo angepeleka wazo hilo kwenye fomu ya mada, angeambiwa amerekebisha tu kitu kilichopo.

Tatizo letu ni kwamba tumeufanya ubunifu kuwa kitu kipya chenye jina refu. Mwenzetu anaandika mada yenye maneno kumi na matano, ndani yake "mahiri", "kiotomatiki" na "sola". Anahangaika usiku kucha kwa hofu ya sapu. Siku ya maonyesho taa inawaka, wageni wanapiga makofi, na Jumatatu kitu kinaingia kabatini. Simlaumu, mfumo unampa alama kwa hilo. Na utafiti wa maabara nao una nafasi yake, sisemi wote tukimbilie mabandani. Nasema tu kwamba aliyeiongezea kazi mashine iliyopo, ikaendelea kufanya kazi bila yeye, amefaulu mtihani ambao kabati halina.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za uhandisi zitenge sehemu ya alama za projekti kwa kitu kilichokaa kwa mtumiaji miezi kadhaa na bado kinafanya kazi. Hili linawezekana kama mada itaanza kwenye PT ya mwaka wa tatu na kukaguliwa kabla ya mahafali. Pili, kila anayerudi kutoka PT alete ukurasa mmoja wa tatizo aliloliona, lenye vipimo na picha, na kurasa hizo zikae mahali ambapo wa mwaka unaofuata watazisoma. Mada zingepatikana Kyerwa, Mbinga na Kondoa, siyo kwenye projekti za kaka zetu zilizobadilishwa jina. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi; tuwe na tabia ya kubisha hodi kule na michoro mkononi. Tatu, serikali yetu ya wanafunzi, kwenye bajeti inayotoa fulana na muziki, itoe fungu dogo la bamba, beringi na msasa, kwa sharti kwamba mashine inabaki kwa fundi.

Na kwetu sisi wenyewe, adabu. Usiingie bandani kama mkaguzi. Mzee anayekuita "Injinia" kwa utani anakupima. Shika ufagio wiki ya kwanza, uliza kwa nini kabla ya kusema kosa, na hesabu zako zitapokelewa. Yule wa kwangu alikataa meza ya kwanza niliyoichora, akasema iko chini mno kwa mtu anayesimama kutwa. Tukaipandisha. Kitabu changu hakikuwa na urefu wa kiuno chake.

Fomu za mada ziko njiani. Kabla hujajaza yako, nenda banda lililo karibu na kwenu, simama pembeni mota ikiwa inazunguka, na utafute ncha ambayo haina kazi.